Nimepata kazi ya kushughulikia vibali serikalini, niingie au niache?

mwanzo_mpya

Wakuu habari zenu, naomba ushauri wa watu waliopita njia hii maana nyumbani kila mtu ana maoni yake na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifanya hii kazi.

Nina miaka 28, nimekaa miaka minne kwenye kampuni binafsi upande wa huduma kwa wateja, kupokea simu, kupokea malalamiko, kufuatilia. Mwezi uliopita nilifanya intavyuu serikalini, nafasi ya ofisa wa vibali ngazi ya chini kabisa yaani mapokezi ya maombi, vibali vya ujenzi pamoja na leseni za biashara, na juzi nimepigiwa simu nimepita. Mshahara uko chini kidogo ya huu ninaopata sasa ila ajira ni ya kudumu, bima ipo na pensheni ipo. Natakiwa nijibu Ijumaa.

Kinachonisumbua ni hivi. Mjomba wangu anasema nikiingia huko nimejizika, miaka kumi ijayo nitakuwa bado nagonga mihuri dirisha lile lile. Dada yangu yeye anaogopa rushwa, anasema hata kama we mwenyewe ni msafi mazingira yatakuchafua. Na mi mwenyewe nina hofu ya tatu, siku hizi maombi mengi yanafanyika mtandaoni, sasa kama mfumo unapokea na kukagua wenyewe mi wa mapokezi nitabaki na kazi gani? Sitaki nikubali kazi ambayo baada ya miaka mitano inafanywa na kompyuta halafu nabaki na ujuzi usiouzika popote.

Ila nisifiche pia. Siku ya intavyuu nilikaa pale ukumbini kama saa nzima nasubiri kuitwa, nikawa naangalia watu wanavyokuja na mafaili yao, kuna mzee mmoja alitoka dirishani ameshika karatasi hajui aende wapi akaniuliza mimi. Nikaisoma ile barua na mi mwenyewe sikuielewa. Yule mzee hajanitoka kichwani mpaka leo. Nikajisemea hapa mtu anayejua kueleza angesaidia watu wengi sana.

Kwa hiyo nauliza walio ndani au waliowahi kuwa ndani, hii ni kazi ya kujenga maisha au ni ya kupitia tu?

---

msomaramani

Mkuu kwanza hongera. Mi nina miaka 17 kwenye vibali, nilianzia hapo hapo unapoanzia wewe, mapokezi, nikaenda mapitio ya michoro, sasa hivi nasimamia kitengo. Ntakujibu kwa urefu kwa sababu hii kazi naipenda na naona inasemwa vibaya na watu wasioijua.

Nianze na mihuri. Ni kweli wapo waliogonga mihuri miaka 20 na wanastaafu hivyo hivyo. Nimekaa nao, na tofauti yao na wale waliopanda wala haikuwa shahada wala kujuana na wakubwa, ni kwamba hawakuwahi kuuliza KWA NINI. Kanuni inasema mlango wa kutokea kwenye ukumbi wa watu wengi ufungukie nje, yeye anaangalia mchoro, mlango unafungukia nje, anaweka tiki anaendelea. Muulize sababu atakwambia ndio kanuni. Sasa mwaka 1942 kule Boston, Marekani, klabu ya usiku inayoitwa Cocoanut Grove iliwaka moto wakafa watu 492, mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka ukajaa watu ukakwama, na kati ya milango mingine iliyokuwepo baadhi ilikuwa imefungwa na baadhi inafungukia ndani kwa hiyo kadiri watu walivyosukumana kutoka ndivyo mlango ulivyozidi kujibana. Ukishalijua hilo hutauangalia tena mlango kwenye mchoro kama ulivyokuwa unauangalia jana. Na mwombaji akija juu anakuuliza mlango unawahusu nini unaweza kumweleza kwa dakika mbili, na mtu akielewa anaenda kurekebisha bila kinyongo. Karibu kila mstari kwenye zile kanuni una maiti nyuma yake, ndio ukweli wenyewe.

Sasa kazi yenyewe ya mapokezi, maana wengi wanadhani ni kupokea bahasha. Ombi likija kazi yako ya kwanza ni kuangalia kama limekamilika, hujaulizwa kama ni zuri au baya, ni je vitu vyote vipo. Umiliki wa kiwanja, ramani ya eneo, michoro yenye sahihi ya mtaalamu, fomu imejazwa yote, ada imelipwa. Likikamilika linapewa namba na tarehe na hapo ndio saa inaanza kuhesabu. Hii saa ishike sana. Sehemu nyingi sheria inaipa ofisi muda fulani wa kujibu na huo muda hauanzi mtu anapoleta karatasi, unaanza faili linapokamilika. Kwa hiyo wewe wa dirishani ndio unaamua saa ianze lini. Ukipokea faili bovu ukalipa namba, kule ndani mhandisi atakaa nalo wiki mbili halafu anagundua kurasa tatu hazipo, linarudi, mwombaji anaona amezungushwa na ofisi inahesabiwa imechelewa. Ukilikataa faili zuri kwa sababu hujui kusoma orodha yako mwenyewe umemwibia mtu muda wake. Yani kitengo kizima kinaenda vizuri au vibaya kutokana na mtu wa mapokezi, na bado watu wanaita ngazi ya chini.

Baada ya hapo linagawanywa, mipango miji wanaangalia matumizi ya kiwanja, mhandisi anaangalia nguvu ya jengo, zimamoto, afya, mazingira kama linahusu. Wewe unafuatilia nani amekaa nalo. Yakirudi maoni yao unayakusanya unamwandikia mwombaji arekebishe. Likipita kinatolewa kibali halafu wakaguzi wanaanza kwenda saiti.

Kuna jambo nililifanya mwaka wangu wa pili bado linaniuma. Alikuja mama mmoja amefiwa na mumewe, anataka kugeuza sehemu ya nyumba iwe duka la dawa. Nikaliangalia faili lake nikaona kasoro ya kwanza nikamwandikia barua, akarekebisha akarudi baada ya wiki mbili, nikaona kasoro nyingine ambayo ilikuwepo tangu mwanzo, barua nyingine, akarudi, nikaona ya tatu. Mara ya tatu hakugomba, alikaa tu kwenye kiti akanyamaza. Msimamizi wangu aliona, akaniita pembeni akalifungua lile faili akanionyesha kwamba kasoro zote tatu zilikuwa kwenye kurasa zile zile za siku ya kwanza. Akaniambia usiache kusoma unapokutana na kosa la kwanza, soma mpaka mwisho, andika yote kwa barua moja, na kila kosa andika kanuni namba ngapi na afanye nini ili lipite. Tangu siku hiyo sijawahi kutuma barua ya upungufu kabla sijamaliza ukurasa wa mwisho. Nilimpigia yule mama nikamwomba radhi na duka lilifunguliwa, lakini miezi ile miwili aliyokaa bila kipato ni mimi niliyempotezea.

Kwa hiyo ukiniuliza ni kazi ya kujenga maisha, ndio, kwa mtu anayesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Hilo la rushwa na la mfumo waachie wengine wachangie ntarudi.

---

mchoraji_wa_nje

Mi niko upande wa pili wa dirisha, nachora majengo na kupeleka maombi kwa niaba ya wateja, mwaka wa tisa sasa. Nimekutana na maofisa wa kila aina.

Nikwambie tu kwamba sisi huku nje tunawajua kwa majina walio wazuri na wateja tunawapangia siku kufuatana na nani yuko zamu. Mzuri kwetu sio anayepitisha haraka, hapana, mzuri ni yule anayekwambia HAPANA mapema. Mwaka juzi nilikuwa na mteja anataka kujenga karakana ya kuchomelea vyuma, tumeshatengeneza dhana tu bado hatujachora kamili, nikaenda kuuliza, kijana wa mapokezi akachukua ramani ya matumizi ya ardhi akaniambia kaka hiki kiwanja ni cha makazi tupu, karakana haitapita hata ukichora vipi, anza na maombi ya kubadili matumizi au mtafute kiwanja kingine. Robo saa tu. Yule kijana alituokolea gharama za michoro yote, mhandisi, kila kitu. Hakuna mtu aliyemwandika popote kwamba ameokoa kitu siku ile lakini mi namkumbuka.

Na wabaya sio lazima wawe wala rushwa. Mbaya ni wa "njoo kesho". Nimeshawahi kuzungushwa wiki saba, kila nikienda naambiwa linafanyiwa kazi, kumbe faili lilikuwa kwenye droo ya mtu aliyekwenda likizo na hakuna aliyekuwa na jibu hilo. Laiti wangenijibu tu kwamba fulani yuko likizo atarudi tarehe fulani ningewapanga mafundi wangu vizuri. Mafundi watano walikaa bila kazi kwa ajili ya sentensi moja ambayo hakuna aliyetaka kuitamka.

Kwa hiyo ndugu mwanzo_mpya kama unajua kumweleza mtu karatasi yake, nenda. Tunakuhitaji.

---

nilishaondoka

Samahanini ntakuwa tofauti kidogo na wenzangu, sio kumkatisha tamaa mtu ila aingie akiwa anajua.

Mi dada niliyefanya hii kazi miaka mitano nikaacha. Sikuacha kwa rushwa wala kwa mshahara. Niliacha kwa sababu ya mlundikano. Tulikuwa watatu wa kupitia maombi na kwa wiki yanaingia mengi kuliko tunayoweza kutoa, kila Ijumaa unaondoka rundo likiwa refu kuliko ulivyolikuta Jumatatu, na nyuma ya kila faili kuna mtu ana mkopo wa benki, ana mkataba wa pango unaisha, ana mkandarasi anamdai. Wanakuja wanakupigia kelele wewe, na hawana kosa maana wewe ndio sura wanayoiona. Nilianza kuamka usiku nakumbuka namba za mafaili.

Halafu simu za kutoka juu. Sio lazima mtu akwambie upitishe kitu kibovu, mara nyingi wanasema tu "hilo lishughulikie leo", na ukilishughulikia leo maana yake la mtu aliyewahi kabla yake linashuka chini, na yule hana wa kumpigia simu. Hicho ndicho kilichonichosha zaidi, yani dhuluma ndogo ndogo za foleni ambazo hazionekani kwenye ripoti yoyote.

Ushauri wangu kabla ya Ijumaa wapigie wale wa rasilimali watu uliza maswali matatu tu. Moja, je mko wangapi na kwa mwezi yanaingia maombi mangapi. Mbili, je kuna utaratibu ulioandikwa wa nani anahudumiwa kwanza na nani ana mamlaka ya kuuvunja. Tatu, je ofisa wa mapokezi anaruhusiwa kupiga simu au kuandika mwenyewe kwa mwombaji au kila barua mpaka isainiwe na mkuu. Hilo la tatu linaonekana dogo, sivyo. Kama kila barua inasubiri sahihi ya mtu mmoja ambaye yuko vikaoni kutwa basi hata uwe na moyo gani utakuwa unasema njoo kesho kama wengine.

Pale nilipo sasa nafanya kwenye kampuni inayoandaa maombi ya wateja wakubwa, wamenichukua kwa sababu najua ofisi inavyofikiri kutoka ndani. Kwa hiyo hofu yako kwamba ujuzi hauuziki popote, ondoa.

---

kaunta_na_mtandao

Naona swali la kompyuta limeachwa, ngoja nilichukue mimi maana nimekuwa kwenye leseni za biashara na miaka minne iliyopita nilihamishiwa timu ya kuhamisha huduma kwenda mtandaoni.

Kompyuta inajua kitu kimoja vizuri sana, ipo au haipo. Fomu imejazwa? Kiambatisho kipo? Malipo yameingia? Namba ya kiwanja inalingana na iliyoko kwenye daftari la ardhi? Hivyo itavichukua vyote na mi nasema ivichukue tu, vilikuwa vinatula asubuhi nzima. Singapore walianza kupokea michoro ya majengo kwa kompyuta kupitia mfumo wao wa CORENET tangu 2001, na mpaka leo hawajafuta watu wa mapitio, wanao, wanafanya kazi nyingine tu. Maana mfumo hauwezi kujua kwamba "stoo" iliyochorwa na dirisha kubwa na bafu ndani yake ni chumba cha kupangisha. Mtu anajua. Mfumo hauwezi kumwambia mzee yule uliyemwona ukumbini barua yake inasema nini.

Na nikwambie kitu nilichokiona kwa macho yangu, tulipoenda mtandaoni mwezi wa kwanza maombi yaliyokataliwa yaliongezeka badala ya kupungua, kwa sababu yale maelezo mapokezi walikuwa wanayatoa kwa mdomo dirishani hayakuwa yameandikwa popote. Kumbe nusu ya huduma ilikuwa kichwani mwa wale maofisa wawili wa dirishani. Tukawaita, tukakaa nao siku tatu wanatuambia watu hukosea wapi na huwa wanawajibuje, ndio tukaandika upya maelezo ya fomu nzima. Mmoja wao sasa hivi ndio mchambuzi wa mahitaji ya mfumo, kompyuta aliijulia hapo hapo ofisini, alichokuja nacho ni kuijua kazi.

Kitu kingine jifunze mapema kutofautisha aina za ruhusa kwa sababu watu wanaita vyote kibali. Kuna taarifa tu, mtu anaijulisha ofisi anaendelea. Kuna usajili, anaingizwa kwenye daftari. Kuna leseni, lazima atimize masharti na inahuishwa kila baada ya muda na anaweza kunyang'anywa. Kuna kibali cha mradi mmoja, jengo likiisha kimeisha. Serikali nyingi zinasogea kwenye kupima hatari, yani duka la nguo lisipite mlango mmoja na kiwanda cha kemikali, na wanaoamua kipi kiende wapi ni watu waliokaa dirishani wakaona. Kuna pia utaratibu wa kwamba ofisi ikikaa kimya muda ukipita ombi linahesabika limekubaliwa. Umoja wa Ulaya wameuweka kwenye agizo lao la huduma la mwaka 2006, isipokuwa pale ambapo maslahi ya umma yanazuia, na hapo hapo wamesema muda unahesabiwa tangu nyaraka zote zimewasilishwa, ile saa aliyoisema msomaramani. Sasa fikiria kwenye utaratibu kama huo ofisa mvivu anaweza kuruhusu kitu cha hatari kwa kulala tu. Ndio ujue uzito wake.

Njia za kupanda ziko nyingi: mapitio ya michoro, ukaguzi, mipango miji, mazingira, usimamizi, mifumo, mafunzo. International Code Council ya Marekani wana mtihani kabisa na cheti cha watu wa vibali. Hata kama hutaufanya, kuwepo kwake kunakuonyesha hii ni fani, haiishii kwenye kiti.

---

mwanzo_mpya

Aisee asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. dada nilishaondoka maswali yako nimeyaandika kesho napiga. Ila msomaramani uliahidi kurudi kwenye rushwa. Naomba vitu vya vitendo, sio uwe mwaminifu uwe mwaminifu, hilo nalijua. Mtu ameweka bahasha ndani ya faili nafanya nini dakika ile?

---

msomaramani

Nimerudi mkuu, na umeuliza vizuri kwa sababu mtu huwa anaanguka kwenye dakika ile.

Bahasha ndani ya faili: usifungue, usiitoe ukampa kwa siri, usimwaibishe mtu kwa kelele. Sema kwa sauti ya kawaida ambayo mwenzako wa dirisha la pili anaisikia, "umesahau bahasha yako humu, naomba uichukue kabla sijapokea." Wengi wanaichukua na wanashukuru maana waliambiwa na mtu wa nje kwamba bila hiyo haliendi. Halafu andika kwenye daftari lako tarehe, saa na namba ya ombi, na mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Siku ile ile, sio kesho, kwa sababu ukikaa nalo usiku mmoja limeshakuwa siri yako. Akirudia au akitaja kiasi, hapo si umesahau tena, hapo ni kufuata taratibu za kuripoti.

Ila nikwambie bahasha ndio rahisi. Ngumu ni zile zisizofanana na rushwa. Ya kwanza ni kuchora. Utajua michoro vizuri baada ya miaka mitatu, na watu wataanza kukuomba uwachoree jioni au uwajazie fomu kwa malipo, inaonekana ni kazi ya mikono yako tu. Usifanye kwa ombi lolote linalokuja ofisini kwenu. Siku lile faili linafika mezani wewe ndiye mwombaji na wewe ndiye serikali. Ya pili ni ndugu. Faili la shemeji yako likija andika mstari mmoja kwamba unahusiana naye ukalikabidhi kwa mwingine, hata kama ulikuwa unalikataa, maana hata kulikataa kutasemwa. Ya tatu ni ada. Pesa isiguse mkono wako hata siku moja, hata mtu akikuomba umlipie kwa sababu amechelewa benki. Ya nne ni zile simu alizozisema dada hapo juu, kila simu ya kuharakisha andika kwenye faili lenyewe, fulani wa cheo fulani amepiga saa fulani ameomba lishughulikiwe. Usiandike kwa hasira, andika kama unavyoandika hali ya hewa. Simu zitapungua zenyewe.

Na ujue kwa nini kazi imegawanywa, anayepokea sio anayepitia, anayepitia sio anayesaini, anayesaini sio anayekagua. Watu wanalalamika ni urasimu. Seoul mwaka 1995 duka kubwa la Sampoong liliporomoka jioni watu wakiwa ndani wakafa 502. Lilianza kama mradi wa jengo la makazi likageuzwa duka, likaongezwa ghorofa ya tano, nguzo zikapunguzwa kupisha ngazi za umeme, na uchunguzi ulipofanyika maofisa waliokubali yale mabadiliko walikutwa wamepokea rushwa, wakahukumiwa. Kila badiliko moja peke yake lilikuwa na karatasi yake na sahihi yake. Mi nikipata ombi la kubadili matumizi ya jengo nasoma mara mbili, na wanaofanya kazi chini yangu wanajua hivyo.

---

mkaguzi_wa_saiti

Naongeza moja tu kutoka nje ya ofisi. Ninyi wa mapokezi mkiandika vizuri masharti ya kibali sisi tunaokwenda saiti tunafanya kazi yetu. Nimewahi kukuta jengo lina kibali halali kabisa na sharti limeandikwa "azingatie usalama". Azingatie nini? Fundi ananiuliza usalama upi na sina la kumwonyesha. Lingeandikwa ngazi ya pili ya dharura ijengwe kabla ya ghorofa ya tatu kuanza ningesimamisha ujenzi pale pale. Ilibidi nirudi ofisini tuanze kuandikiana barua wakati zege inamwagwa. Kwa hiyo mdogo wangu ukienda huko jizoeze kuandika sentensi ambayo mtu aliye juu ya jukwaa la ujenzi anaweza kuifuata.

Na siku moja moja omba kwenda na mkaguzi saiti hata kama sio kazi yako. Mchoro uliousoma dirishani ukiuona umesimama kwa tofali utausoma vingine maisha yako yote.

---

mwanzo_mpya

Mrejesho wakuu. Nimepiga simu leo asubuhi. Swali la kwanza wamenijibu bila kuficha, wako wanne na mzigo ni mkubwa, mi ndio wa tano. La pili wamesema utaratibu upo umeandikwa ni kwa tarehe ya kukamilika faili, wa kuuvunja ni mkuu wa idara tu na lazima aandike sababu. La tatu yule mama aliyepokea alinyamaza kidogo akasema barua zote zinasainiwa na mkuu, ila wamekuwa wakifikiria kuwapa maofisa wa mapokezi ruhusa ya barua za upungufu na kama nina wazo niwaletee nikifika.

Nimekubali. Naanza tarehe moja. Mjomba hajafurahi, dada yangu nimemsomea yale majibu ya bahasha amesema sawa.

Nina wiki mbili hapa katikati na nimepata nakala ya kanuni za ujenzi, ni kitabu kinene sana. msomaramani ungekuwa wewe ungeanzia wapi?

---

msomaramani

Sura ya njia za kutokea wakati wa moto. Isome ukiwa umekaa kwenye jengo lenye watu wengi, kila ukimaliza ukurasa inua macho utafute mlango.